Kibwenzi Kisicho na Sababu

Nilijikata kibwenzi mwenyewe, asubuhi ya Jumatatu, saluni ikiwa bado haina mteja. Jumatatu kwa sisi wasusi wa Sumbawanga ni siku ya kupumzisha vidole: waliotaka kusuka wamesuka Jumamosi kwa ajili ya kanisani, na wanaotaka kufumua hawana haraka. Ulikuwa mwezi wa sita, ile baridi yetu inayopenya chini ya mlango na kukaa kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na kitenge kiunoni. Nikawasha jiko la mkaa, nikabandika maji, kisha nikakaa kwenye kiti ambacho siku zote wanakaa watu wengine, nikajitazama kwenye kioo.

Naeleza nilichofanya kwa sababu baadaye watu wengi walieleza kwa niaba yangu, na karibu wote walikosea.

Nywele zangu ni kipilipili. Sijazitia dawa tangu nilipojifungua mtoto wangu wa pili, na huyo mtoto sasa ananizidi urefu. Zikiwa zimetulia zinajikunja mpaka mtu anadhani ni fupi. Ukizivuta zinafika begani. Hapo ndipo wasusi wengi wanapoharibu kibwenzi cha kipilipili. Wanazilowesha, wanazivuta mbele ya uso, wanakata usawa wa nyusi, mteja anafurahi. Zikikauka zinapanda juu, mteja anabaki na kitonge cha nywele karibu na utosi, analia. Mimi nilizikata kavu. Jana yake nilikuwa nimezisokota vijisokoto vidogo vidogo, nikavifungua vikiwa vimeshakauka vizuri. Nikapitisha mkia wa kitana katikati ya kichwa hadi usawa wa pua, nikatenga zile za mbele tu, umbo la pembetatu ndogo, nyingine nikazibana nyuma. Nikakata kidogo kidogo, upande huu na upande huu, mkasi ukiwa wima, maana ukiulaza unapata ukingo kama wa meza. Nikaziacha zishuke hadi karibu na nyusi bila kuzigusa, zimeachana katikati, kila upande umejikunja kwa namna yake.

Nilipomaliza nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimependeza. Sina namna nyingine ya kulisema hilo, na sioni kwa nini niitafute.

Mume wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya saluni. Mchana alikuja kula. Akanitazama, akaketi, akanawa mikono, akanitazama tena.

"Umejinyoa?"

"Nimejikata kibwenzi."

Akala ugali wake na maharage hadi mwisho. Alipoinuka kurudi kazini, alisimama mlangoni akajipukuta vumbi la mbao kwenye mikono.

"Nitazoea," akasema, akaondoka.

Katika yote niliyoambiwa mwaka ule, hilo ndilo neno lililonifurahisha kuliko yote. Hakuniuliza kwa nini.

Mama yangu aliuliza. Alikuja kutoka Kaengesa wiki hiyohiyo kupima presha, na kama kawaida yake akapitia saluni kwanza kuniletea unga wa ulezi na maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Hakuitikia. Aliweka mfuko chini, akanishika kidevu kama anavyomshika mbuzi anayetaka kumnunua, akanigeuzia kwenye mwanga. Kisha akaanza kusema Kifipa. Mama mjini husema Kiswahili, hata na mimi. Akiniletea Kifipa saluni mbele za wateja ujue amekasirika.

Alisema kibwenzi ni cha watoto wachanga. Zamani walipowanyoa watoto waliwaachia kijishungi hapo mbele, na mtoto akikua kinanyolewa, basi. Mtu mzima mwenye kibwenzi alikuwa ni mtu ambaye akili zake hazijatulia. Akaniuliza nina shida gani. Akauliza kama mume wangu ana mwanamke mwingine.

"Hana, Mama."

"Basi ni nini?"

"Nimependa tu."

Akamgeukia mteja niliyekuwa namsuka, mama wa makamo ambaye hata hamjui, akamwambia kwa Kiswahili safi, "Mwanangu huyu alikuwa na akili sana shuleni."

Sasa nifike kwenye kwaya, maana hapo ndipo jambo dogo lilipokuwa kubwa.

Mimi naimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu. Nimeimba tangu nikiwa msichana. Sauti yangu si nzuri ya kujivunia, ni nzito na inabeba. Wenzangu husema wakinisikia upande wa kushoto wanajua pa kuegemea. Mwaka ule kwaya iliamua kupiga video. Nyimbo tulikwisha kuzirekodi studio, hapahapa mjini, na katika mmojawapo, ule wa mwisho, sauti ya pili inaanza ubeti wa pili peke yake kabla wengine hawajaingia. Hiyo ni sauti yangu. Kilichobaki ni picha tu, na kamati ilikuwa imechagua Kipili, ziwani, kwa sababu kila kwaya inataka maji nyuma yake.

Mwenyekiti wetu ni mtumishi wa halmashauri, mtu wa Mbeya, amekaa Sumbawanga miaka mingi kiasi kwamba analalamikia baridi kama sisi. Si mtu mbaya. Jirani yangu alipofiwa, yeye ndiye aliyetafuta gari la kubebea jeneza. Ila anapenda mambo yanyooke. Siku ya mazoezi alisimama mbele, akasoma utaratibu wa safari: sare ni ile ya kitenge cha bluu, viatu vyeusi, kina mama wote nywele zibanwe nyuma, paji la uso liwe wazi. Aliposema hilo la mwisho macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Macho ya wengine wote yalikuwa kwangu.

Baada ya mazoezi aliniita pembeni, chini ya ukuta wa kanisa unaokinga upepo.

"Dada yangu, umesikia utaratibu."

"Nimesikia, Mwenyekiti. Ila hizi hazibaniki. Ni fupi."

"Ndiyo maana nimekuita." Alikunja karatasi yake mara mbili. "Kwaya ni mwili mmoja. Mtu akitazama ile video asianze kutazama nywele za mtu. Asikie Neno."

"Kama ni kusikia, tungetoa kaseti, Mwenyekiti. Video ni ya kutazama."

Alitabasamu kidogo, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo alikuwa anafika kwenye jambo lenyewe. Alishusha sauti.

"Kuna watu wamesema labda una kovu. Au ulipata ajali ya dawa ya nywele, mambo ya kazini kwenu. Kama kuna kitu kama hicho, sema. Kamati ni watu, itaelewa. Tutakuruhusu hivyohivyo ulivyo."

Alisema kwa huruma. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana alikuwa amenifungulia mlango na kuushikilia. Ningesema neno moja tu, "ndiyo", ningekwenda Kipili na kibwenzi changu na kila mtu angenionea huruma.

Nikapandisha nywele zangu kwa kiganja, nikamwonyesha paji la uso lote, kuanzia nyusi hadi zinapoanzia nywele.

"Sina kovu," nikamwambia. "Sijaungua. Sina nadhiri. Nimependa tu."

"Basi kama huna sababu…"

"Kupenda si sababu?"

Aliweka karatasi mfukoni akasema tutaonana Alhamisi.

Rafiki yangu wa miaka mingi, mama anayeuza ulezi sokoni na kuimba nasi kwaya, alikuwa amesimama karibu anasikiliza huku anajifanya anafunga kiatu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinigombeza njia nzima.

"Ungesema una kovu ungepungukiwa nini? Nani angekuja kukufunua?"

"Sina kovu."

"Mimi ninalo, gotini. Nikuazime."

Tukacheka mpaka tukasimama. Lakini nyumbani nilifikiria sana lile neno la mwenyekiti, "kama huna sababu". Nimekaa na vichwa vya wanawake mikononi mwangu maisha yangu yote ya utu uzima, nami najua: mwanamke akikaa kwenye kiti changu, kwanza hutoa sababu. Anasuka kwa kuwa ana harusi. Anatia dawa kwa kuwa nywele zinamsumbua asubuhi na watoto wanachelewa shule. Ananyoa kwa kuwa ana msiba, au kichwa kinamuuma. Hata wigi lina sababu yake. Ni kama kwamba kichwa si chake, ameazimwa, na lazima aeleze anakitumiaje. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza mume wangu kwa nini ana sharubu.

Wiki iliyofuata alikuja saluni mwanakwaya mwenzangu wa sauti ya pili, dada mmoja katibu muhtasi kwenye ofisi ya serikali, naye kwao ni Mbeya. Ana nywele za dawa, ndefu, zimetunzwa. Alikaa kitini akaniambia kwa sauti ya mtu anayejiunga na mgomo, "Na mimi nikate. Tuwe wawili waone."

Nikaweka mkasi chini.

"Kwa ajili ya ugomvi wangu sikukati."

"Kwa nini? Nakuunga mkono."

"Niunge mkono kwa mdomo. Nywele zikikatwa zinachukua muda kurudi, na ugomvi utakwisha kabla hazijarudi. Nenda nyumbani. Kama unakipenda kibwenzi, njoo. Kama humpendi mwenyekiti, usije."

Alinuna akaondoka. Akarudi baada ya siku chache, ametulia, ana picha tatu kwenye simu. "Nimekipenda," akasema. "Nimekiota mpaka nimechoka." Hapo nikamkata.

Nywele za dawa ni kazi nyingine kabisa. Hazipandi juu, zinalala, na zikilala mno zinagandamana kwenye paji la uso kama zimelowa mvua. Ukizikata kwa unene zinakuwa pazia zito, ukizikata nyepesi mno zinaonekana mabaki ya kitu kilichokatika. Nilichukua chache kuliko alivyotaka, nikazigawanya katikati, nikakata upande mmoja mmoja, za ndani fupi kidogo kuliko za nje ili zisukumane na kujiinua. Kisha nikazizungushia rola mbili kubwa, moja kila upande, nikamwambia akae hivyo wakati nasuka mtu mwingine. Akauliza kuhusu pasi ya nywele. Nikamkataza asiipitishe kila siku, ncha zitakatika, zikikatika hakuna kibwenzi tena, kuna ufagio. Rola na subira vinatosha. Nilipozifungua zilishuka zikaachana vizuri, zikajikunja kwa nje kwenye mashavu ya juu. Alijitazama kwa muda mrefu akigeuza shingo. Kisha akasema polepole, "Kumbe nina macho."

Halafu akaja rafiki yangu muuza ulezi, na huyo nilimkatalia.

Alisuka rasta za kubana tangu ujana wake, nyembamba na za kuvuta, bila kupumzisha kichwa. Nywele za mbele zimeng'oka. Ukishika paji lake la uso unakwenda na kidole hadi karibu na sikio hukuti kitu, vinyweleo tu kama vya mtoto. Nikamweleza kwamba kibwenzi kinakatwa kwenye nywele zilizopo. Nikichukua za nyuma nizilete mbele, upepo wa kwanza pale sokoni utamwaibisha. Nikamshauri aache rasta kwa muda, apake mafuta, afunge kitambaa laini, asubiri.

"Wewe unakataa wenzako wasipendeze," akasema.

"Nakataa kukudanganya."

"Mwenyekiti anakuambia huna sababu unakasirika. Mimi nakuja bila sababu unanipa masharti ya hospitali."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini sikubadili neno. Akaenda saluni nyingine, kule karibu na stendi, wakamshonea wivingi ya nywele za kununua yenye kibwenzi chake tayari, kifupi, kimegawanyika katikati. Akaja kunionyesha makusudi, akapita mbele ya mlango wangu mara mbili. Nilitoka nje nikamtazama vizuri. Kilimpendeza, nikamwambia hivyo. Kwa kuwa ulikuwa ukweli, haikuniuma sana.

Kwa hiyo kwaya ikawa na vibwenzi vitatu, na kamati ikakaa kikao. Katibu muhtasi, ambaye hakuogopa mtu yeyote akiwa saluni, alikwenda kumwona Padre kabla ya kikao ili atusemee. Padre alimsikiliza, akamwambia mambo ya kwaya yamalizwe na kwaya, yeye ana paa la kigango linavuja. Kamati ikaamua: wenye vibwenzi wavae kilemba siku ya video, vilemba vitatolewa, rangi ileile ya sare. Asiyetaka atakaa pembeni.

Tulikwenda Kipili kwa basi la kukodi. Ukitoka kwetu juu umejifunika shuka, na kadiri mnavyoteremka kuelekea ziwani watu wanavua sweta, wengine wanavua viatu, mpaka mnafika mkiwa kama watu wengine kabisa. Ziwa lilikuwa limetulia. Mpiga picha, kijana wa mjini mwenye kofia, alitupanga mchangani, kina mama mbele, kina baba nyuma, spika kubwa pembeni kwa ajili ya kupiga wimbo ili tuufuatishe kwa midomo.

Mwenyekiti alipita na vilemba mkononi. Rafiki yangu muuza ulezi alichukua chake, akafunga juu ya wivingi yake. Katibu muhtasi alichukua chake, akanitazama, akatazama chini, akafunga. Sikumlaumu. Anafanya kazi ofisi za serikali, na mwenyekiti ni mtumishi mwenzake; kuna maji ambayo mimi siyaogi.

Alipofika kwangu alininyooshea kilemba.

"Sitavaa, Mwenyekiti."

"Dada yangu, tumetoka mbali. Usituharibie siku."

"Siharibu kitu. Mmesema asiyetaka atakaa pembeni. Naenda kukaa pembeni."

"Ni kitambaa tu."

"Na hizi ni nywele tu. Ila kitambaa ni cha kamati na nywele ni zangu."

Mwenyekiti alibaki na kilemba kile mkononi, na niliona wazi kwamba angefurahi kama mtu mwingine angekuwa mwenyekiti siku hiyo. Nikachukua mkoba wangu nikaenda kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kando kidogo, karibu na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa.

Wakaanza kupiga. Nyimbo za kwanza nilizitazama kama mtu mwingine yeyote. Ukafika ule wa mwisho. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kisha kwenye spika ikatoka sauti yangu, peke yake, nzito, ikatandaa juu ya maji. Na pale mbele ya kamera, katibu muhtasi, ambaye alikuwa amesogezwa kwenye nafasi yangu, akafungua mdomo, maneno yangu yakaonekana yanatoka kwake.

Nilisimama. Sikupanga kusimama. Nikaimba ule ubeti kwa sauti yangu yote kutoka pale kwenye mtumbwi, sambamba na mimi mwenyewe wa kwenye spika. Nilijua haitaingia kwenye video, mpiga picha alikuwa ametuambia kwamba sauti za pale hazichukuliwi. Niliimba hata hivyo. Katibu muhtasi alinisikia. Midomo yake iliendelea kwenda lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Mpiga picha akafurahi, akamsogelea kwa karibu, akidhani ni Roho Mtakatifu.

Nilipokaa, mmoja wa wale wanawake wa dagaa alikuwa amesimama kando yangu, mwanamke wa rika langu, mikono ina magamba yanayometa hadi kwenye viwiko.

"Kumbe ni wewe unayeimba mle," akasema. "Sasa mbona uko huku?"

"Nywele."

"Zina nini?"

Nikamwonyesha. Alizitazama kwa makini, akazunguka upande mwingine, akatazama tena.

"Hizi?" akasema. "Hizi ndizo zimekuleta huku?"

"Hizi."

Akawaita wenzake akawaeleza, wakacheka sana, si kwa ubaya. Mmoja alisema ingekuwa ni kwao, kwaya nzima ingefukuzwa na dagaa tu ndio wangebaki kuimba. Kisha yule wa kwanza akafungua kitambaa chake. Nywele zake zilikuwa fupi, zilinyolewa muda uliopita zikaachwa zikakua, laini, jua na maji vimezifanya rangi ya kutu kwenye ncha.

"Na hizi zinaweza?"

Mkasi huwa natembea nao. Kwaya walikuwa wanaurudia ule wimbo wa mwisho, mpiga picha sasa amehamia upande wao wa pili. Nilimkalisha mchangani mbele ya mtumbwi, magoti yangu pande zote mbili za mabega yake, kama tunavyokaa nyumbani tukisukana. Nywele fupi hivyo hazina cha kushusha usoni. Kibwenzi chake hukipati kwa kukata mbele. Unapunguza juu na pembeni, kidogo sana, mpaka zile za mbele zinabaki ndefu kuliko nyingine na kujionyesha zenyewe. Nikafanya hivyo. Nikamchora mstari katikati kwa mkia wa kitana, nikampaka mafuta ya mkobani mwangu, nikazilaza kwa vidole, nusu huku, nusu huku. Hakuwa na kioo. Alichukua simu ya mwenzake akajitazama, akageuza uso huku na huku, kisha akarudi kwenye dagaa wake bila kufunga kitambaa. Hakuna aliyemuuliza.

Video ilitoka. Ukitazama ule wimbo wa mwisho, nyuma ya kina baba wa sauti ya nne, unaona mtumbwi uliopinduliwa na wanawake wawili, mmoja ameinamia kichwa cha mwenzake. Mpiga picha alisema hakuona wakati anapiga. Kamati ilitaka aondoe sehemu hiyo, akawaambia haiondoki bila kuwaondoa na hao kina baba.

Mimi nilisimamishwa kwaya kwa utovu wa nidhamu. Mwenyekiti alinieleza mwenyewe, uso kwa uso, na kwa hilo ninamheshimu. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na kibwenzi changu kimepunguzwa upya, nikakaa benchi la waumini lililo karibu kabisa na kwaya. Walipoanza kuimba, nikaimba sauti ya pili kutoka pale. Kwaya walinisikia, kanisa zima likanisikia. Baada ya misa kijana mmoja wa kamati alikuja kuniambia nimesimamishwa kuimba.

"Nimesimamishwa kwaya," nikamwambia. "Waumini hawasimamishwi kuimba. Kaulize."

Alikwenda kuuliza, hakurudi na jibu. Nikaendelea hivyo, misa baada ya misa, mvua zikaanza, mahindi yakapandwa. Sauti ya pili ilipungua nguvu, mmoja alihamishwa kikazi, mwingine alijifungua. Siku moja mwalimu wa kwaya, akiwa mbele anatafuta mwanzo wa wimbo, alinipungia mkono nisogee, kama mtu anayemwita mwenzake aje ale. Nikasogea. Hakuna kikao kilichofanyika, hakuna aliyeniomba radhi, nami sikuomba. Mwenyekiti alinipa upande mmoja wa kitabu chake tushirikiane. Kibwenzi changu kilikuwa palepale. Katibu muhtasi, upande wangu wa kulia, alikuwa na chake nje, rola zilikuwa zimefanya kazi nzuri.

Wapo ambao hadi leo wanaamini nina kovu. Wananitazama kwa upole. Nimeacha kuwaonyesha.

Mama hajakubali. Anakuja mjini kwa presha yake, na siku hizi ananitaka nimnyoe, kwa sababu hapendi kabisa nywele kichwani. Amenyoa tangu nikiwa mdogo na anasema kichwa chake kinapumua. Juzi nilimkalisha kitini, nikamfunika kitambaa shingoni, nikawasha mashine. Katikati ya kazi akaniambia kwa Kifipa, akiwa amefumba macho, kwamba siku akifa nisithubutu kuja msibani na hicho kitu usoni, ndugu zake wa Kaengesa watasema alizaa kichaa.

"Nitakuja nacho, Mama," nikasema.

Alifungua macho akanitazama kupitia kioo. Nami nikamtazama. Kisha akayafumba tena, nikaendelea kunyoa nyuma ya sikio, pale ambapo ngozi yake imelegea na mashine inataka mkono mwepesi.